Kipepeo Asiye na Milia

Mmeniuliza kijiweni, mmeniuliza kwenye foleni ya maji, na wengine mmenifuata hadi kitandani nilipokuwa nimelala na mguu uliovimba, mkitaka kujua nilikwenda wapi na wavu ule na kwa nini nimerudi nacheka peke yangu. Nikisimulia kwa mdomo mnasema ni chai, uongo mtupu. Basi nimeamua kuandika. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kuandika sikuacha.

Izia hadi Mbizi

Siku ile niliamka sina mpango wa kwenda popote. Nilikaa kwenye kizingiti cha dada yangu Eufrasia nikinywa uji wa ulezi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati, na ubaridi wetu wa asubuhi ulinifanya nikikumbatie kikombe kwa mikono miwili. Ndani, dada alikuwa ameketi na mkasi mkononi, kitambaa kimetandazwa mbele yake, anamtazama kipepeo aliyemdarizi mwenyewe kama mtu anavyolitazama jino linalotakiwa kung'olewa.

Kwa wale ambao hamkuwepo: padri wetu anahamishwa, na akina mama wa jumuiya waliamua kumpa kitambaa kikubwa cha mezani chenye vitu vyote vya Ufipa, ili huko aendako kila akikitandika atuone. Kazi alipewa dada, kwa sababu hapa Izia, mjini Sumbawanga, sijaona mkono wa kushindana na wake kwenye sindano. Alidarizi mahindi, masuke ya ulezi, ng'ombe, milima ya Mbizi, na lile tanuri refu la udongo ambalo mababu walilitumia kuyeyushia chuma. Kwenye kona moja akaweka vipepeo wawili. Mmoja mweusi mwenye mabaka meupe, mabawa yake ya mviringo. Mwingine wa rangi ya siagi, amezungukwa na ukingo mweusi, na nyuma ana mikia miwili kama ya mbayuwayu.

Mama Perpetua, mwenyekiti wa akina mama, alimpitisha yule mweusi. Yule wa mikia alimkataa. Dada ana kopo la biskuti la zamani analowekea nyuzi, na juu ya mfuniko wake kuna picha ya kipepeo wa mikia, ana milia myeusi na ya njano toka kichwani hadi mwisho wa mabawa. Maandishi ya kopo ni ya Kichina au ya Kijapani, hakuna anayejua. Mama Perpetua aliuweka mfuniko ule kando ya kitambaa mbele ya akina mama wote, akasema kipepeo huyu ameingia Ufipa kwa kopo, na padri hawezi kusafiri na uongo mezani.

Dada akamwonyesha kwamba wa kwake hana milia.

"Uzi mweusi ulikuishia, Eufrasia," Mama Perpetua akamjibu. "Ndiyo maana hana milia."

Walicheka wote. Dada aliwaeleza kwamba kipepeo yule alimwona kwa macho yake akiwa msichana, akikata nyasi za kuezekea ukingoni mwa msitu wa Mbizi. Wakamwambia basi amlete. Akapewa hadi Jumamosi jioni awe amemfumua, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya kumuaga padri. Kilichomuuma dada hakikuwa kazi ya kufumua. Kwetu mwongo ni mimi, kila mtu anajua, na wala sikatai. Yeye hajawahi kuitwa hivyo maishani mwake, na sasa ameitwa mbele ya jumuiya nzima.

Niseme haki ya Mama Perpetua pia. Niliporudi nilimwomba jamaa wa duka la simu anitafutie mtandaoni, na tukamkuta yule wa kwenye kopo. Kwao ni China, Korea na Japani. Viwavi wake wanakula majani ya milimau na michungwa, na yeye mwenyewe amechorwa milia kama pundamilia aliyepakwa manjano. Huku Afrika hayupo. Kwa hiyo mwenyekiti alikuwa sahihi kuhusu kopo. Alikosea kuhusu dada.

Asubuhi ile hayo yote sikuyajua. Niliweka kikombe chini nikamwambia dada asikate hata uzi mmoja mpaka nirudi. Aliniuliza nakwenda wapi. Nikasema sijui.

"Ukirudi na hadithi, usinisimulie," alisema. "Niletee kipepeo."

Nikachukua kipande cha chandarua kuukuu, nikakishikiza kwenye duara la waya, waya nikaufunga kwenye mpini wa jembe. Begini nikatia kopo tupu la siagi ya karanga, lile la plastiki linaloonyesha ndani. Nikashika njia ya kupanda Mbizi.

Kwa anayetoka mjini, Mbizi ni pumzi. Unapanda, unasimama, unajifanya unatazama mji ulivyo mzuri kwa chini, unapanda tena. Ukungu ulipoondoka nilikuwa nimeshafika sehemu ambayo dada amekuwa akiitaja miaka yote: kijito, jiwe lenye umbo la kiti, na msitu kuanzia pale. Kijito kilikuwepo. Jiwe lilikuwepo, na nililikalia. Msitu ulikuwa umesogea juu sana, na pale ulipokuwa dada akiwa msichana sasa ni mahindi na mistari ya misonobari. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba wavu wangu ulijaa kama shati kwenye kamba. Vipepeo niliowaona ni wale wadogo weupe wa kabichi, nao walikuwa wanapeperushwa tu, hawaendi wanakotaka.

Mama mmoja alikuwa anachimba viazi kando ya njia. Nilimwamkia, akaitikia huku macho yake yako kwenye wavu. Akaniuliza kama nimekuja kupima shamba, maana yeye mipaka yake anaijua na wenye mashamba ya jirani wanaijua. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka vizuri, bila dharau, akanipa hindi la kuchoma. Alisema wale wa mikia anawakumbuka. Walikuwa wanapita kivulini kijitoni, hawatulii, na miti ilipokatwa nao wakapotea. Akanyoosha jembe lake kaskazini magharibi. Alisema kaka yake alioa upande wa kule Chala, na kwamba ukiipita Chala ukaelekea ardhi inakoshukia Ziwa Tanganyika, makorongo bado yana miti mikubwa.

Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia dada hakuota. Nilishuka mlima ule karibu nikikimbia.

Lori la kwenda Chala

Kwenye barabara ya lami nilisimamisha magari hadi mkono ukachoka. Mwishowe lori la mbolea likasimama. Dereva alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa Iringa, na hii ilikuwa safari yake ya kwanza kwetu. Alifungua mlango, akauona wavu, akafunga mlango tena.

Wakati huohuo mbingu ilikuwa nyeusi upande wa bonde la Rukwa, na ngurumo zilikuwa zimeanza. Ninyi mnajua watu wa mbali wanavyotuogopa sisi kwa mambo ya radi za kichawi. Wakisikia Sumbawanga wanadhani kila nyumba ina radi yake imefungwa uani kama mbuzi. Dereva alishusha kioo kidogo, akaniuliza kwa upole kama kile kitu ni cha kukamatia au cha kutupia.

Nikamwambia ni cha vipepeo. Jibu hilo lilimtisha kuliko yote. Mtu mzima mwenye ndevu anayekamata vipepeo huku radi inanguruma, kwa mtu wa Iringa, hiyo haina maelezo mema. Nadhani alinipakia kwa kuogopa kuniacha. Aliomba tu wavu ukae nyuma, chini ya turubai, mdomo wake ukiangalia nyuma.

Njiani mvua ilishuka kama imemwagwa. Tulisimama muda mrefu kando ya barabara kwa sababu kioo kilikuwa cheupe kabisa. Ikapiga radi moja karibu, ile inayoanza na mwanga na sauti kwa pamoja. Dereva hakunitazama. Alifungua kifurushi chake cha chapati, akanipa mbili, kisha akafikiri, akaniongezea ya tatu. Nilimwambia mara kadhaa kwamba mimi natafuta kipepeo kwa ajili ya kitambaa cha kanisani. Kila nikisema alikuwa anaitikia "sawa, sawa" kwa haraka kama mtu anayekubaliana na mlevi.

Tulipofika Chala alishuka mwenyewe kunitolea wavu. Akaushika kwa ncha za vidole, akanikabidhi, na mtu yule aliyenizidi umri kwa mbali akaniambia, "Shikamoo."

Nifanye nini? Nikaitikia marahaba.

Kwa mama ntilie wa pale nilikula ugali na migebuka, wale samaki wa ziwani, waliopikwa na nyanya nyingi, nikauliza habari za makorongo. Watu wa mezani walinielekeza kwa pamoja, kila mmoja njia yake. Nikapata pikipiki. Mwenye pikipiki alinihakikishia anaijua njia kama kiganja chake, na kweli aliijua, ila tope hakulijua. Tulianguka, tukasukuma, tukaanguka upande wa pili. Mwisho nilimwonea huruma nikamwambia arudi, nami nikaendelea kwa miguu nikiwa na tope hadi kiunoni, wavu begani, na jua linakaribia kuzama.

Kwa Mzee Masanja

Mji wa kwanza niliouona ulikuwa wa wafugaji, wale ndugu zetu waliohamia na ng'ombe zao kutoka kaskazini. Zizi kubwa la miti, nyumba za udongo, na mlio wa ng'ombe wanaorudi. Mwenye mji, Mzee Masanja, alitoka mwenyewe. Nilimwamkia. Aliutazama wavu wangu, akalitazama begi, akatazama tope miguuni, kisha akaita ndani liletwe kiti.

Nilidhani ni ukarimu tu. Yaliletwa maji ya moto ya kuoga. Yakaja maziwa ya mgando kwenye kibuyu, mazito ya kukata kwa kijiko. Ikaja michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, imepikwa na karanga. Nikasikia jogoo akilia kilio kifupi nyuma ya nyumba, na baada ya muda naye akaja, kwenye sahani. Mke wa mzee, Mama Kabula, alinipa paja na firigisi. Mimi ni mtu wa kuzunguka, nimelala kwenye vibanda na stendi, na sijawahi kupewa firigisi na mtu asiyejua jina langu.

Kulipokuwa bado na mwanga Mzee Masanja alinipeleka zizini. Alinionyesha ng'ombe mmoja mmoja. Alifunua mdomo wa fahali nitazame ufizi. Alishika mkia wa mtamba akaupitisha mkononi mwake, akasema, tazama manyoya, yanang'aa au hayang'ai? Nikasema yanang'aa. Akasema, huyu anaonekana ana homa? Nikasema ng'ombe huyu ana afya kunishinda. Akafurahi kupita kiasi. Aliniita "mtaalamu".

Hapo nilianza kuhisi kuna jambo. Nilijaribu kumwambia kwamba mimi sina utaalamu wowote. Akasema ndivyo walivyo wataalamu wote wa kweli, hawajisifu. Nikajaribu tena kwa Mama Kabula wakati ananitandikia, naye akasema nilale, mambo ya kazi ni asubuhi.

Asubuhi niliwakuta majirani wamekaa uani, wazee kwa akina mama, wanangoja. Ndipo nikaelewa, kwa kusikiliza mazungumzo yao. Kule walikotoka zamani waliwahi kuja watu wenye nyavu kama wangu, za chandarua kwenye mpini. Walikuwa wanakamata mbung'o. Wakahesabu mbung'o wao, wakaondoka, na baada ya hapo wafugaji wakaambiwa malisho yale hayafai, wahame. Tangu siku hizo, kwa watu hawa, mtu mwenye wavu wa chandarua ni mtu wa mbung'o, na neno lake linaweza kuhamisha mji mzima. Jogoo hakuchinjwa kwa ajili yangu. Alichinjwa kwa ajili ya wavu.

"Sasa mtaalamu," alisema Mzee Masanja, amesimama, "waambie hawa. Umeona mbung'o hapa?"

Nikasema sijaona hata mmoja. Watu wakashusha pumzi. Ningeweza kuishia hapo, nikachukua begi langu na heshima yangu nikaondoka, na siku yoyote kabla ya ile ningefanya hivyo.

"Na utasema hivyo huko ofisini?" mzee akaniuliza.

Nilimkumbuka dada ameketi na mkasi, ameitwa mwongo kwa jambo la kweli. Nikaona siwezi kumtetea yeye huku mimi nawaacha watu hawa na uongo uani.

"Mzee, mimi sina ofisi," nikasema. "Natafuta kipepeo."

"Kipepeo wa nini?"

"Wa kitambaa cha dada yangu."

Nikawaeleza yote, kuanzia padri hadi kopo. Nilipofika kwenye uzi mweusi ulioisha, Mama Kabula aliziba mdomo na kitenge. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kisha akaachia, na uani pote pakaachia. Mzee mmoja alicheka hadi akashikwa na kikohozi. Mzee Masanja peke yake hakucheka.

"Jogoo wangu amekufa kwa ajili ya kitambaa," alisema.

"Amekufa kifo cha heshima, mzee."

"Jogoo halipwi kwa maneno, kijana." Nilikuwa nimeshashuka cheo. "Leo unachunga wewe. Utajua ng'ombe ni nini."

Nikasema nitachunga. Mama Kabula, akifuta machozi, aliniuliza kipepeo mwenyewe yukoje. Nikamwonyesha kwa vidole: wa siagi, ukingo mweusi, mikia miwili.

"Hao?" alisema. "Hao si wanajaa pale wanapokojoa ng'ombe."

Nilimuuliza pale wapi. Akasema hukohuko ninakopelekwa kuchunga.

Kushuka korongoni

Sikuwahi kwenda kazini na furaha kama ile. Tulitelemka mimi na Mzee Masanja, ng'ombe mbele, yeye akitembea polepole mikono nyuma, mimi nikikimbia huku na huku kwa sababu kila ng'ombe aliyetaka kupotea alinichagua mimi. Mzee alikuwa ananiongoza kwa maneno mawili tu, "kulia" na "kushoto", na mara nyingi alikuwa anawaambia ng'ombe.

Nyasi zikaisha ghafla na tukaingia kwenye miti. Baridi ya uwanda wetu ilibaki juu. Huku chini palikuwa na joto la unyevu, kijito kinachopita kwenye mawe, na miti ambayo sikuweza kuona vilele vyake. Penye kivuko ng'ombe walisimama kunywa, na wakishakunywa wanafanya kama ng'ombe wote. Mchanga wa pale umekojolewa siku zote mpaka una harufu ya kukufungua pua. Mzee alinionyesha jiwe la kukalia, akasema tungoje jua lifike.

Mawingu yalikaa juu yetu muda mrefu. Nilikuwa najua Jumamosi iko karibu lakini nilikuwa nimepoteza hesabu kama ni leo au kesho. Tulikula viazi. Mzee akaniuliza kwa nini sikuoa, nikamwambia naondoka sana. Akaniuliza kwa nini naondoka sana, nikamwambia nikikaa mahali nashindwa kulala kwa kuwaza kuna nini ng'ambo. Akasema na yeye aliondoka kwao hivyohivyo, ila yeye alikuwa na ng'ombe wa kumpa sababu.

Jua likafika. Lilishuka kwenye matawi kama mtu aliyefungua dirisha, likatua juu ya ule mchanga. Kwanza wakaja wadogo wa bluu. Kisha wa njano wa kawaida. Halafu juu ya maji, akiruka kwa haraka, anapanda na kushuka, akaja mmoja mkubwa kama kiganja changu. Alizunguka, akatua kwenye mkojo wa ng'ombe, akafungua mabawa.

Rangi ya siagi. Ukingo mweusi. Mikia miwili. Hakuna mstari hata mmoja.

Nilisahau kwamba nina wavu. Nilisimama tu, mdomo wazi. Akaja wa pili, akaja wa tatu, mpaka wakawa kundi, wamejipanga kwenye tope wanakunywa, mikia yao imesimama nyuma. Dada yangu alikuwa amewadarizi sawasawa, hata ile alama nyeusi inayoingia kidogo kwenye bawa la chini alikuwa ameiweka. Alimwona akiwa msichana mwenye mzigo wa nyasi kichwani, na hakusahau kitu.

"Sasa unalia nini?" Mzee Masanja aliniuliza. "Kamata."

Nilirusha wavu nikakosa. Nikarusha tena, nikamgusa fahali. Fahali yule mwenye ufizi mzuri aligeuka, mimi nikaruka, mguu ukaingia katikati ya mawe mawili, nikasikia kifundo kinalia. Lakini nilianguka huku wavu umetangulia, na nilipoinua kichwa kulikuwa na kitu cha rangi ya siagi kinachapa mabawa ndani ya chandarua. Nikapiga ukelele ambao ng'ombe wote walinyanyua vichwa kuusikiliza.

Nikiwa nimekaa pale namwingiza kwenye kopo, mzee alinigusa bega akanionyesha kwenye jani kubwa kivulini. Kulikuwa na wawili wameungana kwa nyuma. Mmoja ni wa siagi mwenye mikia. Mwingine mweusi, mabaka meupe, mabawa ya mviringo, hana mkia wowote. Nilimjua. Alikuwa kwenye kona ileile ya kitambaa, yule aliyepitishwa na Mama Perpetua.

"Huyo ndiye mke wake," alisema mzee. "Kila mwaka nawaona hapa."

"Mbona hawafanani?"

"Kwani mimi na Mama Kabula tunafanana?"

Kwa hiyo mwenyekiti alikuwa amempokea mke na kumfukuza mume. Nilicheka mpaka maumivu ya mguu yakapungua, na nilipomweleza mzee kisa, siku hiyo ndipo naye alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kirefu cha tumboni. Akasema deni la jogoo limekwisha. Yule jamaa wa duka la simu baadaye alinithibitishia. Dume la kipepeo wetu lina sura hiyohiyo karibu kila penye misitu Afrika, toka magharibi hadi huku. Jike ndiye mwenye mambo. Mahali pengine mweusi na mweupe, pengine wa rangi ya chungwa, anaiga sura za vipepeo wachungu ili ndege wasimle. Madagaska jike naye ana mikia. Wa kopo na wa kwetu ni ukoo mmoja, wote viwavi wao wanapenda majani ya jamii ya ndimu. Ila kila mmoja ana kwao.

Upande wa pili

Kurudi nyumbani kwa Mzee Masanja kwa mguu ule hakukuwezekana, ni kupanda tupu. Mzee alinikatia fimbo, akanivusha kijito, akanionyesha njia ya upande wa pili. Alisema hapo juu kidogo kuna kijiji, na kuna mama ana vyumba vya wageni. Tuliagana kwa mikono miwili.

Kijiji kile sikuwahi kukisikia maishani. Nyumba chache za tofali, migomba, duka moja, na nyuma ya duka vyumba vitatu vyenye milango ya bluu. Mwenye vyumba, Mama Salome, alinipokea na beseni la maji ya chumvi kwa ajili ya mguu kabla hata sijasema nataka kulala. Chumba changu kilikuwa na kitanda, kiti, na chandarua cheupe kipya kimefungwa juu. Nilimuuliza leo ni siku gani.

Jumamosi. Na jua lilikuwa limeshainama.

Simu yangu ni kitochi, haipigi picha ya kueleweka. Ya Mama Salome ni ile kubwa. Tulifunga mlango na dirisha, nikafungua kopo. Kipepeo alizunguka chumba mara mbili, akatua kwenye chandarua cheupe juu ya kitanda changu, akafungua mabawa yote. Mama Salome alipiga picha, akapiga nyingine, akasema hata arusi yake haikupigwa picha nzuri hivi. Mtandao kule unapatikana juu ya jiwe nyuma ya jiko tu. Nikapanda jiwe kwa magoti. Dada hana simu ya picha, kwa hiyo nikatuma kwa mtu pekee wa jumuiya ambaye namba yake naikumbuka kichwani, kwa kuwa ndiye anayenipigia kunikumbusha kwenda kanisani. Nikatuma kwa Mama Perpetua. Kisha nikampigia dada kwa kitochi.

Alipokea kwa sauti ya chini. Alisema akina mama wameshafika, wamekaa naye hapo sebuleni, na Mama Perpetua yuko pembeni yake anangoja afumue.

"Umefumua?"

"Ndiyo nashika mkasi."

"Mwambie Mama Perpetua aangalie simu yake."

Nikasikia viti vikisogea. Nikasikia watu wanaulizana miwani iko wapi. Kisha nikadhani mtandao umekatika, nikainuka juu zaidi kwenye jiwe.

"Deo," dada alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ukingoni ni mweusi?"

"Mweusi."

"Katikati?"

"Kama siagi. Na yule mweusi wa mabaka, uliyemweka pembeni yake, ni mke wake. Nimewaona."

Nyuma yake nikamsikia Mama Perpetua akiuliza, si kwa ukali, kama mtu anayetaka tu kuwa na uhakika: "Hana milia?"

"Hana," nikasema, na dada akarudia, "Hana."

Halafu nikausikia, toka Izia hadi juu ya jiwe lile, mkasi ukiwekwa mezani.